Kumbe hata tumbo la shemeji lina mapigo!

Mwenzenu wiki hii sina umbeya wa mjini, wala sijui nani kamwacha nani. Niko Mtawanya, wilaya ya Kibiti, tumbo linatangulia mlangoni, mie nafuata baadaye. Si mnajua tena mambo yetu ya Pwani, mimba ya kwanza unarudi kwenu kujifungulia, mama akukande kwa maji ya moto na kukunywesha uji wa pilipili manga mpaka ushike adabu. Basi nilipofikisha miezi saba nikafunga khanga zangu, nikapanda basi pale Mbagala Rangi Tatu, huyooo, Barabara ya Kilwa. Mwenye mzigo wake, yaani Baba Kijacho, nikamwacha mjini na jiko la gesi na maelekezo ya kupika wali.

Kadi ya kliniki nilikuja nayo, maana hiyo bora usahau simu kuliko kuisahau. Kliniki ya huku haina tofauti kubwa na ya mjini, ila benchi lake lina stori tamu zaidi. Mnakaa, nesi anawafundisha dalili za hatari, mnapimwa uzito na presha, mnameza zile tembe tatu za kuzuia malaria mbele ya macho ya nesi (wanatujua sie wajanja, tungezitupa njiani), mnapewa vidonge vya kuongeza damu. Halafu mmoja mmoja anaitwa nyuma ya pazia. Na huko nyuma ya pazia ndiko kwenye kisa changu cha leo.

Nyuma ya pazia kuna kitanda na nesi wa makamo, mpole lakini hana masihara. "Panda, mama kijacho." Nikapanda kwa taabu zangu. Akalipapasa tumbo kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu anayetafuta embe lililoiva gizani. "Kichwa hiki hapa. Huku mgongo. Hivi ni vinyayo, ndivyo vinavyokuchapa mbavu." Mgongo ndio anaoutaka, maana mapigo ya moyo wa mtoto husikika vizuri zaidi kupitia mgongoni kwake. Alipoupata akachukua kidude chake kama tarumbeta la mtoto, cha bati jepesi, mdomo mpana akauweka tumboni, sikio lake akalibana upande wa pili, mkono akauondoa kabisa kwenye kidude. Macho kwenye saa. Mkono wake mwingine akanishika hapa kwenye kifundo cha mkono, nikajua ananiliwaza. Kumbe wapi! Hilo nitalifikia.

Dakika nzima kimya. Mie nimebana pumzi utadhani ndiye ninayepimwa sauti. Akainuka, akasema, "Mia moja arobaini na mbili," akaandika kwenye kadi.

"Na mie nisikie basi, nesi."

"Wewe utamsikia akishatoka. Tena usiku kucha."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kidude kile kina uchoyo. Anayesikia ni mmoja tu, mwenye tumbo unabaki kusoma uso wa mwenzio. Nikaja kuulizauliza na kusoma, maana mie form four niliambulia D ya Baiolojia na bado inaniuma. Kumbe cha mtindo huo kilitengenezwa na daktari wa Ufaransa, Adolphe Pinard, mwaka 1895, na mpaka leo kiko kwenye zahanati zetu kwa sababu hakili umeme, hakili betri, na kikianguka unakiokota unaendelea. Kabla yake wapo waliokuwa wanabandika sikio tumboni hivi hivi. Mfaransa mwingine, Kergaradec, mwaka 1821 alieleza mbele ya madaktari wenzake kule Paris kwamba alilisikiliza tumbo la mjamzito akitegemea kusikia maji yakichezacheza, badala yake akasikia kitu kinadunda mbio kama saa. Nadhani naye alibana pumzi.

Sasa kosa langu likawa kumsimulia Baba Kijacho kwenye simu. Wivu ukamshika! "Yaani nesi kasikia, wewe hujasikia, mie baba mtu sijasikia, haki iko wapi?" Nikamwambia atulie. Hakutulia. Jumamosi moja bodaboda mbili hizo zinaingia uani: ya kwanza Baba Kijacho na nyama kilo mbili, ya pili mdogo wake na boksi kalikumbatia kama ndiye mjamzito. Ndani ya boksi kuna kimashine cha kusikilizia mapigo, kina spika na kioo kidogo cha namba. Kakinunua Kariakoo. Bei siiandiki, maana mama anasomewa gazeti hili.

Ebwana, uani kulijaa! Jirani kaja na kigoda chake kabisa. Nikalazwa mkekani, nikapakwa jeli ya baridi, Baba Kijacho anasukuma kile kimashine huku na kule kama anapiga pasi, mara: pwash, pwash, pwash, pwash! Vigelegele! Bibi kaziba mdomo kwa ushungi, machozi yanamtoka. Baba Kijacho akarekodi, akarusha kwenye kundi la ukoo, kabla jua halijazama hongera zimefika kutoka Mafia mpaka Tandahimba. Na mie nililia, sitaki uongo. Ni sauti tamu jamani. Miezi saba mtu unatapika, unaota kiungulia, unapigwa mateke na mtu usiyemjua, halafu unamsikia.

Mtu mmoja tu hakusogea, dada yangu. Alikuwa anaosha sufuria. Alipopita mlangoni akaniuliza swali moja: "Mtoto kacheza leo?" Nikamjibu, "Kacheza sana, si unasikia?" Akaenda zake.

Usiku baada ya kula, shemeji yangu huyo mdogo, sahani mbili za wali kwa kamba wa Delta ziko tumboni, akajilaza mkekani. Si mnajua mashemeji, utani hauwaishi. Kachukua kimashine, kajipaka jeli kitovuni, kasukuma.

Pwash. Pwash. Pwash.

Watu tukatazamana. Kioo kimeandika 78. Bibi ndiye aliyevunja ukimya: "Hongera mwanangu. Miezi mingapi?" We! Uliza watu walivyocheka, jirani kadondoka na kigoda chake. Kwa wiki nzima shemeji alikuwa anaitwa Mama Kijacho Mdogo. Tukacheka, tukafunga boksi, tukalala. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza: kama tumbo la mwanamume limepiga pwash, basi pwash tuliyoililia mchana ilikuwa ya nani?

Jumapili wakarudi mjini, kimashine wakaniachia.

Ikaja Alhamisi. Mvua ilinyesha kutwa, nikawa nimejikunyata na redio, na ninaposema kutwa ni kutwa kweli. Wakati wa kula usiku nikashtuka: huyu bwana mdogo leo mbona kimya? Kawaida yake nikinywa chai ya tangawizi anacheza mdundiko, na ifikapo saa tatu usiku ndiyo huanza zamu ya pili. Nikanywa chai. Kimya. Nikalala kiubavu cha kushoto. Kimya. Moyo ukaanza kunienda mbio, lakini nikasema mie si nina kimashine? Nikapaka jeli, nikasukuma, haikupita dakika: pwash, pwash, pwash. Namba 96. Nikampigia Baba Kijacho, nikaweka sauti kubwa asikie mwenyewe.

"Huyo hapo! Ngapi?"

"Tisini na sita."

"Karibu na mia hiyo! Ungekuwa mtihani hiyo ni A. Lala mke wangu."

Nikacheka. Nikafuta jeli, nikavuta khanga. Ndugu msomaji, ningelala. Sikufichi, ningelala.

Dada tunalala naye chumba kimoja tangu nimekuja, amri ya mama. Gizani nikasikia: "Mtoto kacheza?"

"Mapigo yapo dada, mashine inasoma tisini na sita."

"Sijakuuliza mashine. Mtoto kacheza?"

"Kalala tu."

"Tangu saa ngapi?"

Nikanyamaza. Nikajaribu kukumbuka. Asubuhi? Jana usiku? Akawasha taa, akanitupia gauni. "Vaa."

Inabidi niwaambie habari ya dada, na yeye kanipa ruhusa, kasema andika lakini usiweke jina. Mwaka 2022 naye alikuwa na mimba ya miezi minane. Jumatatu alikwenda kliniki, wakamsikiliza, mapigo mazuri, yakaandikwa. Jumatano akasema mtoto hachezi kama kawaida yake. Tulikuwa wengi ndani ya nyumba ile na kila mtu alikuwa na jibu. Watoto wakikaribia kutoka huwa wanatulia. Jua kali. Umechoka tu. Nyingine niliisema mie, kwa mdomo wangu huu unaowachekesha kila wiki: "Si wamemsikiliza juzi tu? Na tarehe yako ya kurudi bado." Eti tarehe! Kana kwamba mtoto naye kaandikiwa kadi. Akakaa Jumatano, akakaa Alhamisi. Ijumaa akaenda mwenyewe, hakumuaga mtu. Anasema nesi alikiweka kile kidude mahali pa kwanza, akakihamisha pa pili, akakihamisha pa tatu, akamwita mwenzake. Dada hakusikia kitu, kama nilivyowaambia kidude kile kina uchoyo. Alijua kwa kuangalia uso. Huyo mtoto wangekuwa darasa moja la chekechea na huyu wangu anakosa miaka michache tu. Kwa hiyo Jumamosi ile ya vigelegele dada alipokuwa anaosha sufuria, mie nilikuwa najua kwa nini, nikajifanya sijui.

Basi bodaboda, usiku, mvua, matope, tumbo, dada nyuma yangu kanishika kiunoni, mpaka kituo cha afya Kibiti. Njiani sikuwaza jina la mtoto wala nini, nilikuwa nahesabu nguzo za umeme. Nesi wa zamu hakutuuliza mbona usiku huu. Nilivyosema tu "hajacheza tangu asubuhi" akasimama. Akapapasa tumbo, akatafuta mgongo, akaweka kidude, akanishika kifundo cha mkono. Safari hii na mie nikafanya kama dada, nikaangalia uso.

Uso haukusema kitu. Akahamisha kidude. Ndugu zanguni, nimefanya mitihani, nimefukuzwa nyumba ya kupanga, nimesubiri matokeo ya vipimo mnavyovijua, sijapata kukutana na dakika ndefu vile. Dada alikuwa amegeukia ukutani.

"Mia na thelathini na nane," akasema nesi. "Na wewe mama yake mia moja kasoro mbili. Una hofu."

Hapo ndipo nilipopata jibu la kushikwa mkono. Hakuwa akiniliwaza, alikuwa ananitenganisha na mwanangu! Sikio linasikia mdundo, mkono unasikia mapigo ya mama. Vikienda pamoja, basi anachosikia ni mama. Mtoto wa tumboni mwenye afya moyo wake hupiga kati ya 110 na 160 kwa dakika. Tisini na sita ya kwenye kimashine haikuwa A wala B. Nilikuwa najisikiliza mwenyewe, kwa hofu yangu, nikajipa hongera.

Walinibakiza mpaka asubuhi. Saa kumi alfajiri bwana mdogo akaamka na teke moja nikapiga kelele wodi nzima ikageuka. Asubuhi nikafanyiwa na ultrasaundi, wakasema yuko salama, ila nikiona tena kimya kama kile nirudi hapo hapo, mchana au usiku, nisisubiri tarehe.

Wakati nasubiri ruhusa nikamuuliza nesi, hiki kimashine nimetapeliwa? Akasema hapana, mashine haina kosa, ila yenyewe haisikii moyo. Inatuma mawimbi ya sauti, na kitu chochote kinachotembea mle ndani, damu ya mtoto, damu ya mama, mshipa mkubwa wa shemeji aliyeshiba, kinayarudisha yakiwa yamebadilika, nayo inakutengenezea pwash. Mwaustria Christian Doppler alilieleza jambo hilo mwaka 1842, na wewe unalijua bila kwenda shule: simama kando ya Barabara ya Kilwa basi la Mtwara lipite huku linapiga honi, sauti inakuja nyembamba, likishakupita inakuwa nzito. Ni hilo hilo. Hospitali wanazo mashine hizo na zinawasaidia sana, lakini zinashikwa na mtu anayejua anatafuta nini. Norway wametengeneza moja wakaiita jina la Kiswahili, Moyo, ikajaribiwa hapa hapa kwetu, Haydom na Muhimbili, na uzuri wake ni kwamba mama anaigusa kwa vidole nayo inasoma pia mapigo ya mama, isiwachanganye. Yaani wameweka ndani ya mashine kile kifundo cha mkono cha nesi wangu.

Na msidhani ni ushamba wetu. Mwaka 2009 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, liliandika kisa cha mama wa wiki 38 aliyeona mtoto wake kapunguza kucheza, akawa anajisikiliza nyumbani kwa kimashine kama changu, anasikia mapigo, anatulia. Alipokwenda hospitali mtoto alikuwa ameshafariki. Nilikisoma kisa hicho nikiwa kitandani, nikaiweka simu chini.

Kuna hesabu nyingine ambayo haitoki kichwani. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linasema mjamzito aonane na wahudumu angalau mara nane. Haya, kila mara wakimsikiliza mtoto dakika moja, na zile za mwanzo uzitoe maana kwa kile kidude kabla ya wiki ya 20 au zaidi hakuna kinachosikika, unapata dakika chache kuliko wimbo mmoja wa taarabu. Miezi tisa yote iliyobaki msikilizaji ni nani? Ni wewe mwenye tumbo. Nesi mwenyewe alisema, mie nina sikio la dakika moja, wewe una la kutwa, sasa kwa nini unaniachia mie kazi yote?

Kabla hatujaondoka akanisikiliza mara ya mwisho. Mia na arobaini na nne. Alipoinua kichwa dada akasema, kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Naomba na mie." Nesi akamtazama. Sijui alimjua au alihisi tu. Hakumwambia utamsikia akitoka. Akakiacha kidude pale pale kilipo, akamwonyesha, "Bana sikio, mkono ondoa, usipumue kwa nguvu." Dada akainama. Nilikuwa naona ushungi tu na sikio moja la juu lenye hereni ya bibi. Dakika ikapita. Nesi akawa anapanga kadi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Nje foleni ya kina mama kijacho ilikuwa imeshaanza, mtoto wa mtu analia, muuza maandazi anapita. Dada hajainuka. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Kimashine kiko juu ya kabati. Baba Kijacho nimemweleza yote, alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani vocha imekwisha, kisha akasema anakuja Jumamosi, na safari hii anakuja na nyama tu. Shemeji ndiye anayeomba arudishiwe boksi. Anasema wa kwake kaanza kucheza.